Kuzimua Rangi ya Akriliki kwa Majahazi Madogo

Swali: Ninachonga majahazi madogo hapa Matondoni na kuyapaka akriliki tabaka juu ya tabaka, kutoka kiza hadi mwanga. Rangi huacha mistari ya brashi, na nikiizimua hukusanyika pembeni na kukauka na madoa meupe. Ninunue rangi gani, na niizimue kiasi gani?

Jibu: Ndugu msomaji, kabla ya kununua, tazama mraba mdogo uliochapwa kwenye tyubu nyingi za wachoraji: ulio mtupu ni wa rangi inayopenya mwanga, uliojaa ni wa rangi inayofunika. Weupe wa titani hufunika vyema, ilhali manjano na nyekundu nyingi hupenya, kwa hiyo chini ya hizo tanguliza tabaka jepesi la rangi ya udongo au ya maziwa. Rangi ya kupakia ukuta sikushauri, kwani chembe zake ni nene kwa kazi ya shubiri moja na huziba mistari ya mbao uliyoichonga kwa taabu.

Akriliki hukauka maji yanaporuka na chembe za gundi yake kushikana, na zikishashikana haziyeyuki tena kwa maji. Ndiyo maana tabaka la pili haliharibu la kwanza, mradi la kwanza limekauka kabisa, kwani lililo nusu kavu hunyofoka chini ya brashi. Maji yakizidi, chembe za gundi hutawanyika mno na rangi hubaki vumbi lisiloshika. Kwa rangi nzito ya tyubu anza na sehemu mbili za rangi kwa moja ya maji, wala usivuke nusu kwa nusu. Ukihitaji wepesi zaidi, ongeza gundi ya akriliki isiyo na rangi badala ya maji.

Madoa meupe nayashuku maji yenyewe. Ikiwa unatumia maji ya kisima yenye chumvi, maji huruka na chumvi hubaki juu ya rangi, na kuyachemsha hakuiondoi. Tumia maji ya mvua.

Ukishachovya brashi, ifute kidogo kwenye kitambaa, kwa sababu rangi hukusanyika pale unapoinua mkono: vuta kutoka kwenye kivuli kuelekea ukingo unaotaka ung'ae, na kila tabaka lifunike eneo dogo kuliko la chini yake, ili kiza kibaki kati ya mbao na chini ya tezi, yaani nyuma ya jahazi. Macho yanayochorwa kwenye omo, yaani mbele yake, yaache mwisho. Msimu wa kaskazi upepo hukausha rangi sahanini upesi. Tandika kitambaa chenye maji, juu yake karatasi ya kuokea, na changanya rangi hapo.

Na kama jahazi lako umelipaka sifa, yaani mafuta ya papa, au mafuta mengine, akriliki haitalishika vyema hata ukiizimua kwa ustadi gani. Piga msasa hadi mbao ya asili, kisha pakaa rangi ya msingi, ile inayotangulia kabla ya akriliki ili ishike.