Shangazi, naogopa kukubali oda ya sare 240

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina miaka 34, nimeolewa na nina watoto wawili. Nina cherehani mbili, ovaloki moja na msaidizi mmoja. Mwezi uliopita shule moja ya binafsi iliniita. Wanataka seti 240 za sare: mashati meupe, na sketi au suruali za drafti ya kijani, kwa 28,000 kila seti, ziwe tayari kabla shule hazijafunguliwa Januari. Kitambaa, uzi, zipu na vifungo vinakula 15,000 kwa seti, na msaidizi, umeme na usafiri kama 5,000. Tukijituma tunamaliza seti nne kwa siku.*

*Tatizo ni kwamba kianzio hawatoi. Mhasibu anasema nitalipwa wazazi wakishalipa ada. Akiba yangu ni 1,400,000. Kaka yangu anasema nikope, kuna jamaa wa mikopo hapa mtaani yuko tayari kunipa milioni mbili kwa marejesho ya kila wiki. Mama anasema niache tamaa. Mume wangu anasema biashara ni yangu, niamue mwenyewe. Miaka miwili iliyopita niliwashonea kwaya sare, wakanilipa nusu, na hiyo nusu nyingine naidai hadi leo. Kila jioni naandika meseji ya kumjibu mhasibu, halafu naifuta. Nimeanza kuona kama sifai kuwa mfanyabiashara. Nifanyeje huu woga uniishe?*

*Fundi, Morogoro*

Marahaba, mwanangu.

Asiyefaa kuwa mfanyabiashara angekuwa ameshaichukua ile milioni mbili, na leo angekuwa Kariakoo anachagua majora. Wewe umesita. Woga wako una akili, ila umeuacha utawale usiku kucha bila kuuhoji unaogopa kitu gani hasa. Ukiuhoji utakuta ndani yake mna mambo matatu: unaogopa kutolipwa, unaogopa deni, na la tatu hukuliandika ila nimelisoma: unaogopa mambo yakiharibika, mama aseme "nilikwambia".

Tuanze na deni, maana hilo halihitaji ujasiri, linahitaji kalamu. Seti 240 mara 15,000 ni 3,600,000. Hiyo ni kitambaa na mahitaji yake tu, hujamlipa msaidizi. Sasa chukua akiba yako 1,400,000, ongeza mkopo wa kaka 2,000,000. Umepata 3,400,000. Umeona? Ungekopa, ungeweka cherehani zako dhamana, na bado usingefikisha hela ya kitambaa. Halafu marejesho yanaanza wiki inayofuata, wakati hela ya shule inategemea ada za Januari. Kuanzia Oktoba hadi huko ungerejesha kwa kutumia nini? Hiyo ndiyo mikopo watu wanayoiita kausha damu, na jina hilo halikutoka hewani. Kaka yako anakupenda, sina shaka, lakini hakupiga hesabu. Na huyo jamaa wa mtaani, siku akikufuata tena, mwombe akuonyeshe leseni. Tangu ije Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa awe nayo. Utashangaa atakavyopata dharura ghafla. Ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba ni jambo jema, jiungeni kikundi muifuatilie, ila usiitegemee kwa Januari hii.

Kwa hiyo mkopo tumeufuta. Naamini hata usingizi umerudi kidogo.

Sasa hofu ya kutolipwa. Hapa sikubaliani na wanaokwambia "jiamini tu". Ujiamini kwa hela ya nani? Shule inakutaka wewe uwe benki yao: ununue, ushone, usubiri. Faida yako kwenye oda nzima ni 1,920,000, na ili uipate unaambiwa utangulize 4,800,000 usizokuwa nazo, bila karatasi yoyote. Kuogopa hapo ni sahihi kabisa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na wewe kwaya imekuuma. Ila jiulize vizuri kwaya ilikuumiza wapi. Kupokea kazi yao hakukuwa kosa. Ulichokosea ni kuwapa nguo zote wakiwa wamelipa nusu. Siku waliyozivaa, hukuwa tena na kitu cha kuwashikia.

Angalia meza yako ya kukatia. Shati jeupe likibaki mikononi mwako utaliuza, kwa sababu watoto wa shule za msingi za serikali nao wanavaa mashati meupe. Ile drafti ya kijani ukishaikata sketi, mnunuzi wake duniani ni shule moja tu. Basi usiikate kwa wingi kabla hujaona hela. Anza na mashati. Drafti kata ya awamu moja kwa wakati mmoja, na nembo ibandike mwisho kabisa, siku wanapokuja kuchukua. Mafundi wengi hubandika nembo mapema kwa furaha, kisha shati lililokuwa la kila mtu linakuwa la mtu mmoja.

Nikisema awamu nina maana hii. Gawa oda mara nne, seti 60 kila awamu. Seti 60 zinakugharimu 1,200,000. Unazo, na 200,000 inabaki nyumbani kwa ajili ya mtoto akiugua. Kwa kasi yenu ya seti nne, awamu moja ni siku 15 za kazi. Wanachukua, wanalipa 1,680,000 palepale, hela ileile inarudi dukani kununua ya pili. Wasipolipa ya kwanza, hawachukui, na wewe hushoni ya pili. Hasara kubwa kuliko zote inayoweza kukupata hapo unaijua kwa jina: ni sketi na suruali 60 za drafti. Inauma, lakini hauzi kitu cha ndani kuilipa.

Kuhusu mama na kaka nitasema kidogo. Umeuliza watu watatu ambao hakuna hata mmoja anayeshona. Mume wako ndiye aliyekujibu vizuri, hata kama ulitamani akushike mkono zaidi. Acha kuuliza wengine. Ukitaka maoni, mtafute fundi mwingine aliyewahi kufanya kazi na shule, umuulize walimlipa lini.

Kitu ambacho sijaona ukikiogopa, na ungepaswa, ni kalenda. Seti 240 kwa nne kwa siku ni siku 60, yaani wiki kumi ukipumzika Jumapili. Ukianza mwanzoni mwa Oktoba unamaliza kabla ya katikati ya Desemba. Ukiendelea kufuta meseji hadi katikati ya Novemba, utabaki na wiki saba, na hata umeme usipokatika siku moja utakuwa pungufu kwa seti 70 na zaidi. Hapo hutakuwa umekataa oda wala kuikubali, ila itakuwa imeshajiendea, na shule itakukumbuka kama fundi asiyejibu.

Kwa hiyo leo jioni usiandike meseji yako. Nakili hii:

"Habari za kazi. Nimepiga hesabu ya oda yenu na ninaweza kuanza tarehe 1 Oktoba, kwa awamu nne za seti 60. Kila awamu mtalipa siku ya kuchukua, ndipo nianze inayofuata. Mkipenda nizishone zote kwa pamoja, naomba nusu ya malipo kwanza, 3,360,000. Naomba jibu hadi Ijumaa ili niende Dar kununua kitambaa."

Hiyo nusu, ukijumlisha na akiba yako, unapungukiwa 40,000 tu kwa gharama zote, kwa hiyo lolote watakalochagua unaliweza. Wakikubali, andikeni karatasi moja, asaini mkuu wa shule na agonge muhuri. Mhasibu peke yake hatoshi, wahasibu huhama. Uliza siku hiyohiyo kama watadai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, usije ukashtukizwa siku ya malipo. Kisha panda treni ya umeme asubuhi, jioni umerudi na jora lako.

Wakisema hela hawana kabisa kabla ya Januari, waombe wawatangazie wazazi waje kwako moja kwa moja, kila mmoja na vipimo vya mwanawe na malipo yake. Na hilo nalo wakilikataa, washukuru kwa heshima, ile 1,400,000 itie kwenye mashati meupe na sketi za bluu, uzitundike nje ya ofisi kuanzia Desemba.

Shangazi