Kukwangua njia za udongo hakumalizi mchwa
Wengi hudhani ukikwangua zile njia za udongo ambazo mchwa hujenga ukutani na kupaka mafuta ya taa, umewamaliza. Hapana, hakuwamalizi. Unaowaona ni vibarua tu. Malkia yuko kwenye kiota, mara nyingi chini ya ardhi, na vibarua watatafuta ufa mwingine. Oili chafu nayo ni hivyo hivyo: inanusuru ubao uliopakwa kwa muda, ila kundi linabaki zima na udongo unachafuka.

Kujua kama bado wapo, vunja kipande cha njia katikati, urefu wa kidole hivi, uache juu na chini. Ukikuta pamezibwa kwa udongo mbichi baada ya siku chache, wapo. Pasipozibwa usishangilie, huenda wamehamia kwingine. Gonga na fremu za milango kwa mpini wa bisibisi. Panapolia kama debe tupu pameshaliwa ndani. Ila ukiona vumbi laini likidondoka kwenye vitundu vidogo vya mviringo, hao kwa kawaida ni wadudu wengine wa mbao, na dawa yao ni tofauti.

Kinachofanya kazi ni dawa ya udongo kuzunguka msingi, yenye fipronili au imidaklopridi. Haiwafukuzi: wanapita humo bila kuitambua na kuibeba hadi kwa wenzao. Kipimo fuata lebo. Kama kuna kisima karibu usimwage kabisa, tumia chambo, yaani chakula chenye sumu cha kuwategea, ingawa huchukua miezi.