Ufukwe wa ziwani huchaguliwa kwa upepo na mwezi

Anayetoka Dar es Salaam au Tanga kuja Mwanza huja na mazoea ya bahari: huuliza maji yanakupwa saa ngapi na yanajaa saa ngapi. Ziwa Victoria halina maji kupwa na maji kujaa ya kuonekana kwa macho. Kinachoubadilisha ufukwe hapa, ukawa safi asubuhi na kujaa magugu jioni, ni upepo. Na kinachoamua kama usiku mtakaa nje kwa raha au mtakimbizwa ndani na wadudu ni mwezi. Picha za mtandaoni hazionyeshi hata kimoja kati ya hivyo. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kwenda bichi ileile ya Ilemela kwa wiki mbili tofauti, mmoja akaisifu, mwingine akaapa harudi tena, na wote wakawa wamesema kweli.

Upepo una zamu zake. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, kwa hiyo upepo huvuma kutoka bara kwenda ziwani. Mchana nchi kavu hupata joto, upepo hugeuka na kuja kutoka ziwani, na hukolea kuanzia kama saa saba hadi saa kumi na moja. Katikati ya zamu hizo kuna kipindi cha utulivu, takriban saa moja hadi saa nne asubuhi, na hicho ndicho kipindi bora cha kuingia majini. Gugumaji huelea tu, halikushikwa na udongo, kwa hiyo huenda linakosukumwa. Ghuba iliyokuwa wazi saa mbili asubuhi inaweza kufungwa na magugu ilipofika saa tisa alasiri, kisha kesho yake ikawa wazi tena. Ukifika ukakuta magugu, usirudi mjini kwa hasira. Panda bodaboda, zunguka upande wa pili wa rasi, kwani mara nyingi upande ule maji ni meupe.

Juni hadi Agosti kuna kusi, upepo unaotoka kusini mashariki. Fukwe za Mwanza zinazotazama magharibi huwa zimekingwa nao, na maji karibu na mchanga yanaonekana mapole kabisa. Hapo ndipo wazazi hudanganyika. Upepo unaotoka bara hukisukuma nje kila kinachoelea, na mtoto aliyepanda tyubu ya gari au boya la kupuliza hupelekwa kilindini kimyakimya, wakati mzazi ameketi akifurahia utulivu. Tyubu ifungwe kamba ndefu ya katani au nailoni, na mwisho wa kamba ashike mtu mzima aliyesimama ndani ya maji, asiwe mezani anasubiri samaki.

Mji wenyewe una sura nzuri ya miamba, lakini mwamba mzuri wa picha si mahali pazuri pa kuogelea. Bismarck Rock pale karibu na kivuko cha Kamanga ni ya kutazama jua likizama, basi. Kisiwa cha Saanane, kilichokuwa bustani ya wanyama tangu 1964 na kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, kinafikiwa kwa boti ya muda mfupi kutoka Capri Point. Nenda ukatembee juu ya mawe na kuwaona pimbi, maji yake yaache. Mawe ya ziwani yana utelezi wa mwani kuanzia pale maji yanapogusa, na kando yake kina hushuka ghafla. Tena epuka maji ya karibu na mahali Mto Mirongo unapoingia ziwani, hasa siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, kwa sababu mto huo hupita katikati ya jiji na kubeba kila kilichotupwa.

Kwa mchanga, elekea kaskazini mwa jiji, njia ya Airport. Kuanzia Bwiru, kupita Ilemela kwenye fukwe kama Tunza, hadi Igombe, kuna vipande vya mchanga vinavyotazama maji mapana. Jua huzamia majini mbele yako. Mwanza iko magharibi zaidi kuliko Dar, hivyo jua huchelewa kama dakika 25: hesabu kati ya saa 12 na nusu jioni na saa 1 na dakika 10 usiku kulingana na mwezi wa mwaka. Upande wa kusini, Malimbe na Luchelele, uko ndani ya ghuba. Maji yake ni matulivu, ndege ni wengi, mtumbwi unakwenda vizuri. Mimi huko ningekaa kivulini na kutazama. Maji yaliyotulia hupendwa na matete, na matete hupendwa na konokono.

Hapo ndipo kichocho kinapoingia, na ushauri wa kuogelea ziwani usiokitaja ni wa kumdanganya mtu. Vijidudu vyake, yaani minyoo michanga, hutoka ndani ya konokono wadogo wa maji baridi (maji yasiyo na chumvi), huogelea, na kupenya ngozi kwa dakika chache tu bila maumivu ya kukushtua. Konokono hao hupenda maji mafupi, yaliyotulia, yenye majani. Mwanga ndio unaowatoa vijidudu, kwa hiyo huwa vingi majini kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, saa zilezile ambazo wageni wengi huingia kuoga. Ufukwe wa mchanga ulio wazi, unaopigwa na mawimbi, usio na matete, kabla ya saa nne asubuhi: hapo hatari hupungua sana, ila haiishi. Ziwa hili lina aina ya konokono anayeishi hata kwenye kina kirefu, mbali na majani. Mwenye bichi akikwambia kwake hakuna kichocho, mshukuru, kisha fuata tahadhari zako.

Kujifuta kwa nguvu na taulo mara tu utokapo hakudhuru, lakini si kinga ya kutegemea. Maji ya kuogea yanayovutwa moja kwa moja kutoka ziwani yana hatari ileile. Yakikaa kwenye tangi lisilo na konokono kwa saa 48, vijidudu vinakuwa vimekufa. Na usimeze dawa siku unayotoka majini. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, huua minyoo iliyokomaa, michanga hunusurika, kwa hiyo aliyeimeza mapema hubaki na ugonjwa huku akijiona amepona. Subiri wiki 6 hadi 8 tangu ulipoingia majini mara ya mwisho, ndipo uende kupima. Ukikutwa nacho, dozi ya kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito: mtu wa kilo 60 hupewa vidonge 4 vya miligramu 600, baada ya kula, kwa maelekezo ya kituo cha afya. Homa, kikohozi au vipele vikija kabla ya wiki hizo kutimia, mwambie daktari kwamba uliogelea ziwani. Huko mikoani kusiko na ziwa, daktari anaweza asilifikirie hilo hata kidogo.

Turudi kwenye mwezi, jambo ambalo wageni hulipuuza kuliko yote. Siku zinazozunguka mwezi mwandamo, wadudu wadogo wa ziwani huibuka kwa mamilioni, wakasimama juu ya maji kama moshi. Hawaumi, lakini huingia machoni, puani na kwenye sahani, na hufuata taa. Usiku huohuo wa giza ndio wavuvi wa dagaa wanafanya kazi kwa taa zao, na asubuhi dagaa huanikwa mchangani. Ukichagua ufukwe ulio jirani na mwalo, yaani mahali wavuvi wanapopakulia samaki, kama wa Kayenze au Igombe katika siku hizo, utakuta mchanga wote umefunikwa na dagaa. Si uchafu, ni riziki ya watu: usikanyage, usipitishe mpira wa watoto hapo, na omba kabla ya kupiga picha. Mbalamwezi ikikolea, wavuvi wa dagaa hupumzika kwa siku kadhaa, mchanga huwa mtupu, wadudu hupungua, na usiku una mwanga wa kutosha kutembea. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani atapanga kirahisi: tarehe 13 hadi 17 ni za kuja na familia, tarehe 28 hadi 3 ni za giza. Anayependa kuona taa za wavuvi zimetapakaa ziwani mpaka upeo wa macho, huyo aje kwenye giza makusudi, achague chumba chenye nyavu madirishani, na azime taa ya barazani mapema.

Ukifika ufukweni, usivue nguo kwanza. Tembea ukingo wa maji hatua mia moja kila upande. Tazama kama kuna matete, magamba ya konokono, mdomo wa kijito. Chovya fimbo majini: ikitoka imepakwa utando wa kijani, hiyo ni mwani wenye uwezekano wa sumu, usiingie, na mbwa wako asinywe. Kisha ingia taratibu hadi magotini, fimbo ikitangulia. Hili lina sababu yake. Ziwa lilipanda sana mwaka 2020, likapanda tena 2024, na sehemu nyingi zilizokuwa mchanga mkavu zimekuwa chini ya maji. Humo kuna misingi ya kuta, nondo, visiki na ngazi za zamani, na maji si maangavu kiasi cha kuviona. Kuruka kichwa kwanza ni marufuku, hata pale ulipoogelea mwaka juzi. Na aliyezoea chumvi ya bahari ajue kwamba maji baridi hayambebi vilevile: atachoka mapema, kwa hiyo aogelee sambamba na ukingo, asielekee kilindini.

Mamba na viboko wapo, ila si kila mahali. Swali la "kuna mamba hapa?" hujibiwa "hakuna" na kila anayetaka kukuuzia soda. Waulize wanawake wanaochota maji na wavuvi wa mwalo huo: "Mamba ameonekana lini mara ya mwisho, na upande upi?" Swali hilo hupata jibu lenye tarehe na mahali. Ukiona mahali pa kuchotea maji pamezungushiwa miti au nondo, umeshajibiwa bila kuuliza. Epuka midomo ya mito kama Simiyu kule Magu. Viboko hutoka kula majani usiku na kurudi majini alfajiri, hivyo usitembee kwenye nyasi za ukingoni kabla jua halijapanda, wala usisimame kati ya kiboko na maji.

Bukoba, iliyo ukingo wa magharibi wa ziwa, inatazama mashariki, kwa hiyo huko jua huchomoza kutoka ziwani. Lakini kusi likivuka ziwa zima huishia ukingo ule, na mawimbi yake ni makubwa kuliko ya Mwanza. Mvua pia ni karibu mara mbili.

Kwa mwenye siku tatu au zaidi, hukumu yangu ni kisiwa cha Ukerewe. Meli kutoka Mwanza kwenda Nansio huchukua kama saa tatu na zaidi. Njia nyingine ni barabara kupitia Bunda hadi Kisorya, kisha kivuko kwenda Rugezi. Kutoka Nansio endelea hadi Rubya, mchanga ulio pembeni mwa msitu wa kupandwa, mpana na wenye kivuli, kitu adimu ziwani. Ukerewe ina kichocho kingi, kwa hiyo masharti ya hapo juu yazingatiwe bila kulegeza. Anayetaka kufika kisiwa jirani cha Ukara kuona jiwe linalocheza huvukia Bugolora kwenda Bwisya, njia ambayo kivuko MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa na watu wengi kuliko uwezo wake wa 101, na zaidi ya watu 200 wakafariki kikiwa karibu kabisa kutia nanga. Hesabu maboya ya kuvaa kabla ya kupanda, vaa lako kuanzia gatini na si mawimbi yakishaanza, na chombo kikiwa kimejaa, shuka usubiri kinachofuata hata kama nauli umeshalipa. Mitumbwi ya injini uipande asubuhi tu, baada ya kutazama mawingu: radi na dhoruba za ziwa hili nyingi hujengeka usiku na kuendelea hadi alfajiri, na wingu jeusi linaloonekana juu ya maji saa kumi na mbili asubuhi linatosha kuahirisha safari mpaka lipite.