Jibu: Taa gani nifunge duka la vitenge, Mwanga Kigoma?

Mkuu umeuliza uchukue LED ya wati ngapi, aisee wati achana nazo kwanza, wati ni umeme inaokula, mwanga wenyewe unapimwa kwa lumeni, angalia kwenye boksi. LED ya wati 9 nzuri inatoa kama lumeni 800, sawa na ile balbu ya zamani ya wati 60. Sasa piga hesabu ya luku, masaa 5 kwa siku mwezi mzima ile ya zamani inakula uniti 9, hii haifiki hata uniti moja na nusu.

Ila kwa vitenge ishu kubwa ni rangi. Mimi nilifunga zile nyeupe za 6500K za bei chee (hiyo K ni kipimo cha rangi ya mwanga, ikiwa ndogo mwanga ni wa njano, ikiwa kubwa ni mweupe), mama mmoja kanunua kitenge cha maruni, kutoka nje juani anarudi ananambia mwanangu mbona umenibadilishia, nikaishiwa nguvu! Tafuta 4000K, halafu boksi liwe na CRI 90 au zaidi, hiyo ndo inaonyesha rangi ilivyo kweli, zikikosekana usishuke chini ya 80. Za njano 3000K peleka sebuleni.

Na kama umeme wa hapo kwako unapanda na kushuka, chukua iliyoandikwa volti 100-240 sio 220-240 tu. Kabla hujalipa cheki holda zako ni za pini au za kuzungusha, we unacheka lakini mi nishapanda daladala mara mbili kwa hilo.