Ng'ombe mnene aliyenidanganya miaka mitatu

Nilikuwa na ng'ombe mwekundu, mgongo mpana, manyoya yanang'aa. Kila mgeni aliyefika zizini alimsifia yeye kwanza. Mwaka ambao malisho yalipungua nikalazimika kupunguza kundi, nikamwuza mwenzake aliyekuwa na mbavu za kuhesabika, mwekundu akabaki.

Nilipoanza kuweka daftari ndipo nilipoona upumbavu wangu. Yule mwembamba alikuwa akizaa kila mwaka, na mwili wake wote ulikuwa unaishia kwenye maziwa ya ndama. Mwekundu alinenepa kwa sababu hakuwa na wa kumnyonyesha. Miaka mitatu amekula nyasi zangu bila kuleta hata kwato moja.

Daftari lenyewe si la ajabu: namba ya hereni ya sikioni, tarehe ya kuzaa, uzito wa ndama anapoachishwa kunyonya akiwa na miezi saba hivi. Hesabu yake ni hii. Mimba ya ng'ombe huchukua takriban siku 283. Mwaka una 365. Zinabaki 82 tu, na ndani yake kizazi kipone, joto (hamu ya kupandwa na dume) lirudi, na ashike mimba nyingine. Joto huja kila baada ya siku 21 hivi, kwa hiyo akikosa mara mbili mfululizo, mwaka unaofuata atazaa kwa kuchelewa.

Mimi dume hukaa na majike siku 90 tu. Miezi miwili baada ya kumtoa, daktari wa mifugo anakuja kupima mimba kwa mkono. Asiye na mimba anauzwa kabla ya kiangazi, angali na nyama mwilini. Wa kuonewa huruma kidogo ni aliyezaa mara ya kwanza, maana bado anakua huku ananyonyesha. Huyo nampa chakula cha ziada mapema, kwa sababu ng'ombe akizaa amekonda kupita kiasi joto huchelewa kurudi. Akilishwa vizuri na bado akakosa, namwuza vilevile.

Lakini wakikosa wengi kwa pamoja, usiuze hata mmoja! Mpime dume kwanza, kisha uulizie magonjwa ya kutupa mimba. Nilikaribia kuuza nusu ya kundi kumbe mwenye kasoro alikuwa dume, aliyekuwa anachechemea mguu wa nyuma na hawezi kupanda.

Sababu nyingine za kuuza huonekana kwa macho. Chuchu nene kama chupa, ndama mchanga hawezi kuzishika. Meno yaliyokatika. Uke uliowahi kutoka nje: huyo hata mabinti zake siwaweki. Na wakali pia. Mmoja alinirusha juu ya uzio, na bintiye akaja kuwa vilevile. Kabla ya kumpeleka yeyote machinjioni, hakikisha siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye dawa uliyomchoma zimekwisha.

Mitamba (majike ambao hawajazaa) ya kurithi nafasi naichagua kutoka kwa waliozaliwa mwanzoni mwa msimu, kwa mama asiyeruka mwaka. Mtamba aliyezaliwa pacha na dume simhesabu, maana karibu wote huwa tasa.

Yule mwembamba niliyemwuza aliniachia binti mmoja. Sasa yuko kwenye uzao wake wa tano, na akinyonyesha, mbavu zake unazihesabu ukiwa langoni.