Maswali ya Wasomaji: Mwalimu, Mbona Umemtoa Straika?

Msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na za sekondari, ukifika, barua kutoka kusini huongezeka. Mtwara imeshapokea mashindano hayo ya kitaifa, mwaka 2019 na tena 2021, kwa hiyo watu wa huko wanajua kutazama mpira wa watoto na wanajua kuulaumu. Safari hii wengi wanalaumu benchi.

SWALI: Habari za kazi, jopo. Kijana wangu anachezea shule ya msingi hapa mjini. Mechi iliyopita walikuwa wanaongoza 1–0. Zikabaki kama dakika 12, mwalimu akamtoa straika na winga, akaingiza mabeki wawili kwa mpigo. Wakafungwa mawili. Mwalimu anasema alikuwa analinda goli. Mimi naona aliwakaribisha wapinzani. Nani yuko sahihi?
Mzazi, Chikongola, Mtwara

JIBU: Wewe, mzazi. Ila tusimwonee mwalimu: kulinda goli si kosa. Kosa ni nani aliyetoka.

Straika mwenye mbio, hata asipogusa mpira, anawashikilia mabeki wawili wa kati. Hakuna anayethubutu kumwachia beki mmoja. Akitoka, mmoja wa wale mabeki anapanda na kuwa kiungo wa ziada. Yaani umeongeza beki mmoja kwako na umewapa wapinzani mshambuliaji wa bure. Halafu mpira unaobutuliwa hauna wa kuupokea. Mtoto wa miaka 12 au 13 hubutua mita 25, labda 30. Unaangukia kwa kiungo wao na unarudi kabla mabeki hawajapumua. Kila ukirudi, mabeki wenu husogea nyuma hatua mbili, mpaka wanajikuta wamejazana mbele ya kipa wao wenyewe. Hapo kipa haoni mpira, shuti likigonga mguu wa mtu linabadilisha njia, na kila faulo ni penalti.

Mwenye nia ya kulinda 1–0 afanye hivi. Wa kwanza kutoka awe kiungo wa kati aliyechoka, aingie mwenye pumzi wa kukaba mbele ya mabeki. Mawinga washuke usawa wa viungo. Straika abaki, lakini asisimame katikati. Asimame karibu na mstari wa pembeni, upande wa beki wao mzito, na mipira yote ya kusafisha ipigwe huko. Ukitoka nje, wapinzani wanarusha mbali na goli lenu, na nyie mmepata muda wa kujipanga. Mkirusha nyie, mkumbuke kwamba mpira wa kurusha hauna kuotea: straika anaweza kukaa nyuma kabisa ya mabeki wao na bado akapokea kihalali.

Beki mmoja apewe kazi ya kupiga kelele "Toka!" kila mpira unaposafishwa, na wote watoke nje ya kumi na nane, yaani eneo la penalti. Mmoja akizubaa ndani, washambuliaji wote wanapona kuotea.

Na sabu waingie mmoja mmoja, wakipishana dakika tatu hivi. Wakiingia wawili pamoja, kwa dakika nzima hakuna anayejua anamkaba nani. Kuingiza sabu wakati wapinzani wanasubiri kupiga kona ndiyo mbaya kuliko zote. Ngoja kona iondoke kwanza.

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi ni nahodha. Refa akirusha shilingi nikashinda, mwalimu anataka nichague kuanza na mpira. Nahodha wa shule jirani yeye huchagua goli kila mara. Kipi kina faida?
Mwanafunzi wa kidato cha pili, Lindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tangu sheria zibadilishwe mwaka 2019, mshindi wa shilingi anachagua kimoja kati ya hivyo viwili. Kuanza na mpira ni pasi moja tu, na kwa timu nyingi za shule mpira huo unapotea kabla ya nusu dakika. Goli unalochagua unaishi nalo kipindi kizima. Chagua goli, lakini kwa hesabu.

Hesabu ya pwani yenu ni hii. Mwezi Juni kusi inavuma kutoka kusini-mashariki, na jua la jioni liko kaskazini-magharibi. Kwa hiyo, kama uwanja wenu umelala kufuata upepo, timu yenye upepo mgongoni ndiyo yenye jua machoni. Vyote viwili huvipati kwa pamoja.

Mechi ikianza saa 10 jioni jua bado liko juu kiasi, halimsumbui sana kipa. Ikifika saa 11 na dakika 20 limeshuka, na kila krosi inamtia upofu anayelitazama. Upepo nao mara nyingi hulegea jua likikaribia kuzama. Basi chukua upepo kipindi cha kwanza, jua likiwa bado halina madhara, na umwachie kipa wao jua la kipindi cha pili. Lakini upepo huo utumike: pigeni mashuti ya mita 18 hadi 20, na kona zikatwe kuelekea golini. Timu ikichukua upepo halafu ikacheza pasi za pembeni dakika 35, imetupa shilingi yake. Pasi ndefu nazo zipunguzwe nguvu, la sivyo zote zitaishia kwa kipa wao.

Uwanja ukiwa umelala kukingama na upepo, hesabu hii haifai. Hapo angalia upande gani una mchanga mwingi au mteremko.

SWALI: Kocha, kwenye matuta (mikwaju ya penalti ya kuamua mshindi) mwalimu wetu humweka mpigaji bora awe wa tano. Tumetolewa 3–1, na yeye hajapiga hata moja. Huu ni utaratibu au mazoea?
Mchezaji, Masasi

JIBU: Mazoea, na ya gharama. Mkiwa nyuma 3–1 baada ya kila timu kupiga minne, kazi imekwisha. Wa tano hana cha kupiga. Mpigaji bora awe wa kwanza, anayemfuatia awe wa pili au wa nne, na nafasi ya tatu apewe yule asiye na papara. Sheria haiwalazimishi kumpa refa orodha, kwa hiyo mtoto akianza kutetemeka pale katikati, mwingine aende.

Kuna jambo ambalo benchi nyingi hulisahau. Wapinzani wakibaki 10 kwa kadi nyekundu, na nyie lazima mmtoe mmoja ili mlingane. Mtoeni mpigaji dhaifu, maana matuta yakiendelea kila mmoja lazima apige, hata kipa, kabla ya yeyote kurudia. Na kwenye viwanja vya mchanga, baada ya mipira sita au saba, pale penye nukta pamechimbika. Mpigaji apakanyage kwa mguu wake wa kusimamia kabla ya kurudi nyuma kuchukua mbio.

SWALI: Tukifungwa goli la kwanza, kipa anatolewa. Kila mechi.
Mtazamaji, Newala

JIBU: Goli la kawaida lina kimo cha mita 2.44. Mtoto wa mita 1.40 akipigiwa mpira wa juu kabisa hataufikia, na kipa atakayemfuata atafungwa vile vile. Kinachosaidia ni mahali pa kusimama: shuti likitoka mbali, asiache mstari kwa zaidi ya hatua mbili, la sivyo atapigwa kwa juu. Kumbadilisha ni mpaka aumie au mapumziko yafike. Na mchezaji wa ndani akibadilishana naye bila kumwarifu refa, wote wawili wanakula kadi ya njano.

SWALI: Nina kijana mmoja anayebeba timu. Mashindano ya wilaya tunacheza siku nne mfululizo. Nimpumzishe lini?
Mwalimu wa michezo, Nachingwea

JIBU: Kwanza, mwalimu, uliza kwenye kikao cha kabla ya mashindano kama mchezaji aliyetoka anaruhusiwa kurudi. Sheria namba 3 inakubali hilo kwa soka la vijana pale kanuni za mashindano zinaporuhusu. Jibu likiwa ndiyo, mtoe dakika 10 za mwisho za kipindi cha kwanza, anywe maji, akae kivulini mapumziko yote, arudi kipindi cha pili. Jibu likiwa hapana, mechi ya pili aanze benchi. Wengi humchezesha mechi zote za makundi, halafu nusu fainali anakamatwa na misuli ya paja. Ukiona ameweka mikono magotini mpira ukiwa bado unachezwa, mtoe hapo hapo, hata kama mko nyuma.