Ukichora katuni ya mshahara, anza na slipi

Julai 2022 nilichora katuni mbovu kuliko zote nilizowahi kuchora, na ndiyo iliyonifundisha kazi.

Mei ile Ikulu ya Tanzania ilitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kupanda kwa asilimia 23.3, kutoka shilingi 300,000 hadi 370,000. Wengi tuliishika asilimia, "kima cha chini" tukakiacha hewani. Mshahara wa Julai ulipoingia, mwalimu mwenzangu, aliyekwisha kuulizia bei ya bati, alikuta nyongeza ya kununulia mafuta ya kula, tena si dumu zima.

Nikachora kwa hasira: bwana mwenye kitambi, kofia imeandikwa SERIKALI, anamkaba mtu mwembamba aliyeandikwa MFANYAKAZI. Nikabandika ofisini. Watu wakapita wakielekea kwenye chai. Yule wa bati akaitazama, akasema, "Mwalimu, huyu bwana simjui. Mimi nilichokiona ni hiki." Akatoa simu, akaikuza slipi ya mshahara kwa vidole viwili, pua inakaribia kugusa kioo.

Katuni ilikuwa hiyo. Nikamchora hivyo hivyo, slipi imetandazwa sebuleni kama mkeka. Makato yamepanga foleni: kodi, hifadhi ya jamii, bima, bodi ya mikopo, ada ya chama. Nyuma yao nyongeza imesimama kwa ncha za vidole angalau ionekane. Mkewe kashika miwani: "Baba Neema, 23 siioni. Hii ndiyo ile nukta tatu?" Hiyo walipiga picha, ikarudi kwangu kupitia magrupu nisiyoyajua.

Kwa hiyo wewe unayeanza, chora kitu ambacho mtu amekishika jana. Ukilazimika kuandika lebo kwenye tumbo la mtu, ujue mchoro umekushinda. Na tangazo lisome neno kwa neno kabla ya kuchora. Ningechora kwamba tumedanganywa ningekosea, maana neno "kima cha chini" lilikuwepo. Kichekesho kilikuwa katikati ya kilichosemwa na tulichosikia, nasi wenyewe tumo. (Sisemi nyongeza ilitosha. Mafuta nayanunua mimi pia.)

Mei Mosi ya 2025, Singida, ikatajwa asilimia 35.1, kima cha chini kutoka 370,000 hadi 500,000. Kabla sijachonga penseli, simu ikaita.

"Mwalimu, bati niulizie sasa, au nisubiri slipi?"